UZI: OFDM (data kwenye sabkeria, mawimbi madogo mengi sambamba) ya MHz 5, EVM (kiasi cha kosa, hasi zaidi ni bora) imegoma kwenye −22 dB. Ni amplifaya au kuna mchawi mwingine?

#1 FundiMasafa
Wakuu, heshima kwenu. Naweka usanifu wote mezani ili mjadala usiwe wa kubahatisha.

Kiungo cha nukta mbili, GHz 2.4, upana MHz 5, lengo ni km 3. Sampuli milioni 7.68 kwa sekunde, FFT (hesabu ya kuyagawa mawimbi kwa masafa, IFFT ni kinyume chake) ya 512, nafasi kati ya sabkeria kHz 15. Zinazobeba kitu ni 300, yaani 150 kila upande, ile ya katikati nimeiacha tupu. CP (nakala ya mwisho wa simboli inayobandikwa mbele yake kama kinga ya mwangwi) ni sampuli 36, sawa na mikrosekunde 4.69. Pailoti (sabkeria yenye thamani inayojulikana, ya kukadiria njia) ni moja katika kila sabkeria 12, katikati yake nakadiria kwa mstari mnyoofu. Data ni 64-QAM (nukta 64, biti 6 kwa kila sabkeria). Baada ya IFFT naongeza sampuli mara 4 (milioni 30.72), kisha filta ya FIR yenye koefisienti 97. Risiva ina filta ileile. SDR (redio za kuendeshwa kwa programu) mbili, kila moja na kristali yake ya ±20 ppm (sehemu kwa milioni). Amplifaya ina P1dB (nguvu ambapo imeshapungukiwa dB 1) ya +33 dBm, naiendesha kwa wastani wa +26 dBm.

EVM ni −22 dB. Nataka −28 ili 64-QAM ya kodi 5/6 (biti 5 za data katika kila 6) ikae bila kusuasua. Nikishusha wastani hadi +23 dBm napata −24 tu. Vipimo vyote ni vya kebo na atenueta, sijafika hewani. SNR (mawimbi dhidi ya kelele) ni zaidi ya dB 35. Nani anakula?

#2 BwanaDesibeli
Mbona jibu liko wazi. Sabkeria 300, kilele juu ya wastani ni 10 log 300 = dB 24.8. Wewe umeacha nafasi ya dB 7. Nunua amplifaya ya maana.

#3 Binti Antena
@BwanaDesibeli hiyo 24.8 inatokea pale sabkeria zote 300 zikisimama kwa fezi moja na ukubwa mmoja. Hutaiona hata ukiacha transmita iwake mpaka uzeeke. Kinachotumika kwenye usanifu ni uwezekano: sehemu ya simboli zenye kilele zaidi ya γ ni 1 − (1 − e^−γ)^N, γ ikiwa uwiano wa kawaida, sio desibeli, na N idadi ya sabkeria. Weka N = 300 na simboli 1 katika 1000: inatoka karibu dB 11.0. Ukihesabu na vilele vinavyojificha katikati ya sampuli inapanda mpaka kama 11.4. Ndiyo maana PAPR (kilele juu ya wastani) haipimwi kwenye sampuli tupu za IFFT, unaongeza mara 4 kwanza. Na sifuri za kuongeza sampuli ziwekwe katikati ya vekta, kati ya sabkeria chanya na hasi. Ukizibandika mwishoni umevuruga spektramu yote.

Sasa swali: ukikata vilele kwa kisu kwenye dB 7 juu ya wastani, uharibifu wake ni kiasi gani? Kwa mawimbi yanayofanana na kelele ya Gauss ni e^−γ − √(πγ)·erfc(√γ). Kwa dB 7 inatoka karibu −33 dB. Kwa dB 5 ni −23. Kwa dB 4 ni −19.6. Kwa hiyo kukata peke yake kwenye dB 7 hakuwezi kukupa −22. Tafuteni mwingine.

#4 Chumvi255
Hesabu nzuri dada, ila amplifaya ya kukata kwa kisu haijazaliwa. Ya kweli inaanza kupinda mapema. P1dB maana yake hapo tayari imeshapoteza dB 1, na vilele vya dB 4 au 5 juu ya wastani vilishapinda kidogo kabla ya kufika huko. Kibaya zaidi ni fezi: ukubwa ukipanda fezi nayo inazunguka, na fomula yako haina fezi kabisa. Amplifaya za bei nafuu zinaanza kuzungusha fezi kabla hata ya kupungukiwa na nguvu.

Dawa ni DPD (kuyapotosha mawimbi kinyume kabla ya amplifaya ili yatoke safi). Polinomia ya daraja la 5 au 7, vipeo visivyogawika kwa mbili tu, ongeza kumbukumbu ya sampuli 2 au 3. Njia ya kurudishia lazima ione upana mara 5 wa mawimbi, kwa hiyo MHz 25. Sampuli zako za milioni 30.72 zinatosha. Kosa la kawaida: kutolinganisha ucheleweshaji wa njia ya kurudi hadi vipande vya sampuli. Hapo DPD inajifunza ucheleweshaji badala ya amplifaya na mabega ya spektramu (nguvu inayovuja nje ya chaneli) yanapanda badala ya kushuka.

#5 Njoro_KE
Salamu kutoka Nairobi. Wote mnaruka kitu alichosema mleta uzi mwenyewe. Upotoshaji wa daraja la tatu unashuka dB 2 kwa kila dB 1 ya nguvu. Ameshusha dB 3, kwa hiyo sehemu ya amplifaya ilitakiwa ishuke dB 6. Yeye kapata dB 2. Kuna sakafu.

Tenganisheni: −22 dB ni 0.0063, −24 dB ni 0.0040. A + S = 0.0063 na A/4 + S = 0.0040. Inatoka A = 0.0031 na S = 0.0032. Yaani amplifaya kama −25 dB na sakafu kama −25 dB. Nusu kwa nusu.

#6 mwanamzizima
@Njoro_KE ile mbili kwa moja ni ya mbali na kikomo. Dhidi ya vilele vya dB 11 na nafasi ya dB 7 bado uko kwenye kona, mteremko unaweza kuwa mkali zaidi au mpole zaidi. Mimi sikubali namba mpaka amplifaya itolewe kabisa. Mkuu FundiMasafa, SDR kwa SDR, atenueta ya dB 40 katikati, tupe EVM.

#7 FundiMasafa
Nimefanya. Bila amplifaya: −25 dB, SNR ileile.

#8 BwanaDesibeli
Huyu Njoro anapiga ramli 😂

#9 Sabkeria Tupu
Sakafu ya −25 kwenye SDR za bei ya chini, mimi naangalia I na Q (matawi mawili ya redio yanayopishana nyuzi 90) kwanza. Matawi yakipishana ukubwa kwa dB 1, kioo cha sabkeria +k kinaangukia −k kwa −24.8 dB. Fezi ikipishana nyuzi 5, kioo ni −27.2. Vyote viwili kwa pamoja karibu −22.8. Hapo sakafu imeelezwa bila kumgusa mtu mwingine.

Kipimo: zima sabkeria zote hasi, tuma chanya tu, angalia kinachoota upande wa hasi. Kazi ya dakika tano. Na hongera kwa kuacha ya katikati tupu, maana ndipo osileta inapovujia.

#10 Kinyozi wa Vilele
Mnakimbizana na sakafu huku nusu ya tatizo, ile ya Njoro, inajulikana na ina dawa. Na msimwambie mtu anunue amplifaya kubwa kama vile umeme wa bure. Daraja B bora kabisa lina ufanisi wa 78.5% kwenye kilele. Ukirudi nyuma dB 7 linabaki na 35%, ukirudi dB 10 linabaki na 25%. Kwa wati 0.4 anazotoa, ni tofauti ya kuvuta wati 1.1 au wati 1.6, na hiyo ni amplifaya ya kwenye karatasi. Kama mnara unatumia sola, hesabu betri.

Njia za kunyoa vilele, nikianza na ninayoiamini:

Kukata na kuchuja kwa kurudia. Sampuli mara 4, kata kwenye dB 7, FFT, futa kila kilicho nje ya sabkeria zako 300, IFFT, rudia mara 3 au 4. Kila ukichuja vilele vinaota tena kidogo, ndiyo maana mara moja haitoshi. Gharama ni EVM, na Binti Antena ameshatoa namba. Kwa 64-QAM usikate chini ya dB 6.5.

Kutenga sabkeria. Toa 15 kati ya 300, hazibebi data, zinabeba wimbi la kupinga kilele. Zitawanye bila mpangilio. Ukiziweka zimefuatana au kwa nafasi sawa, wimbi la kupinga linakuwa na vilele vyake lenyewe na unahamisha ugonjwa. Haina gharama ya EVM, ila unalipa 5% ya kasi.

SLM: tengeneza nakala 4 za simboli kwa mifuatano 4 ya fezi, tuma yenye kilele kidogo. Kwa sabkeria 300 ule dB 11.0 unashuka hadi 8.7. Nakala 16 zinakupeleka 7.5. Angalieni mchezo: IFFT mara 4 zaidi kwa faida ya dB 1.2. Na risiva lazima ijue nakala ipi ilichaguliwa. Biti 2 zile zikisomwa vibaya, simboli nzima imekwenda na maji, kwa hiyo zilinde kwa BPSK (nukta 2 tu) na kodi nzito.

Kusukuma nukta za ukingo wa konstelesheni (ramani ya nukta za QAM): kwa QPSK (nukta 4) tamu sana, kwa 64-QAM ni nukta 28 tu za ukingoni zinazosogezeka. Sipotezi muda.

#11 Binti Antena
Ongeza njia ya LTE (4G): DFT kabla ya IFFT, ile ya kutoka simu kwenda mnara. Kilele kinashuka kama dB 2 hadi 3 kwa QPSK. Kwa 64-QAM faida inapungua, lakini ipo. Na kiungo cha nukta mbili chenye mtumiaji mmoja ndicho kinachoifaa hasa.

#12 Kinyozi wa Vilele
@Binti Antena inamfaa mpaka masafa yapate shimo, yaani baadhi yadhoofike njiani. Hapo kila biti inaonja shimo lile badala ya sabkeria chache tu, na iqwalaiza rahisi inapandisha kelele. Kwa km 3 za antena zinazotazamana, sawa.

#13 chipukizi_rf
Samahani wakubwa, km 3 ni mikrosekunde 10 za safari. CP ni 4.69. Si hapo ndipo anapofeli?

#14 mwanamzizima
Hapana mdogo wangu. CP haijali safari ni ndefu kiasi gani. Inajali njia ya mwisho imechelewa kiasi gani nyuma ya njia ya kwanza. 4.69 inafunika tofauti ya njia ya km 1.4. Kwa antena zenye mwelekeo hata mikrosekunde 1 ni nyingi. Halafu amepima kwa kebo, hakuna mwangwi wowote.

Kwa upande mwingine hapa ndipo anapoweza kuchuma kasi. Kwa sasa: sabkeria 275 za data × biti 6 × 5/6 = biti 1375 kwa mikrosekunde 71.35, sawa na Mb 19.3 kwa sekunde. CP ikishuka hadi sampuli 18, simboli inakuwa 69.0 na kasi 19.9.

#15 Chumvi255
Kwenye runinga ndiko CP inakuwa kisu cha mezani. Ving'amuzi vya antena vya huku kwetu ni DVB-T2. Chukua chaneli ya MHz 8. Mfumo wa 8K (FFT ya 8192) una simboli ya mikrosekunde 896, ukiweka kinga (CP) ya 1/4 unapata 224 na unapoteza 20% ya muda. Mfumo wa 32K una simboli ya 3584, kinga ya 1/16 ni 224 zilezile na unapoteza 5.9% tu. Ulinzi uleule, yaani minara ya masafa mamoja ipishane kilomita 67 za njia, lakini data zaidi.

Bei yake ni mwendo. Sabkeria za 32K zinapishana Hz 279. Gari la km 120 kwa saa kwenye MHz 600 linaleta Doppla (masafa kuhama kwa sababu ya mwendo) ya Hz 67, robo ya nafasi nzima. Kwenye 8K nafasi ni Hz 1116, Doppla ni 6% tu. Kwa king'amuzi cha sebuleni sawa, kwenye basi la Mbeya sahau.

#16 BwanaDesibeli
Kwa hiyo mpira unaokwama ndani ya basi si dereva, ni Doppla. Nimeelewa.

#17 Mtaalamu wa Zamani
Acheni OFDM yenu ya mwaka 47. FBMC (kila sabkeria na filta yake) haina CP kabisa na mabega ya spektramu yamelala. OFDM ni ya Weinstein na Ebert 1971 pamoja na CP yao, dunia imesonga.

#18 Binti Antena
Kwa rekodi: Chang wa Bell Labs ndiye aliyeweka msingi 1966. Weinstein na Ebert 1971 walileta DFT, na walikuwa na nafasi ya kinga pamoja na kulainisha kingo. CP ya kunakili mwisho wa simboli ni ya Peled na Ruiz, 1980.

FBMC inadai OQAM (QAM ambayo sehemu halisi na ya kufikirika zinapishana nusu simboli), na kero ya sehemu ya kufikirika inakutesa mara tu unapoweka antena nyingi. 3GPP (waweka viwango vya simu) waliipima pamoja na nyingine nyingi, wakabaki na CP-OFDM kwa 5G. Mabega yake unayalaza kwa kulainisha kingo za simboli: kosini iliyoinuliwa, sampuli 8 hadi 12, simboli jirani zikipandiana. Unakula CP kiasi hicho, hakuna zaidi.

#19 FundiMasafa
Asanteni. @Sabkeria Tupu nimezima hasi: kioo kiko −31 dB.

#20 Njoro_KE
−31 ni 0.0008. Toa kwenye 0.0032, inabaki 0.0024, yaani −26.2 dB. I na Q wamekula robo tu. Bado mchawi yupo.

#21 mwanamzizima
Mchawi ni filta. Koefisienti 97 kwenye milioni 30.72 ni urefu wa sampuli 24 za msingi. Ziko mbili, transmita na risiva: 48. CP ni 36. Amejenga mwangwi wake mwenyewe ndani ya maabara. Akate hadi koefisienti 49, halafu azime sabkeria 5 kila ukingo kupata nafasi ya mteremko.

#22 Sabkeria Tupu
Mikia ya FIR mkuu haina nguvu kubwa, nyingi iko katikati. Labda dirisha la FFT limekaa vibaya. Likianza mwisho kabisa wa CP, mkia wa mbele wa simboli inayofuata unaingia. Lirudishwe nyuma sampuli 12 hivi ndani ya CP.

#23 Kinyozi wa Vilele
Kristali, jamani. ±20 ppm mbili kwenye GHz 2.4 ni hadi kHz 96, sabkeria 6.4. Akisawazisha kwa mbinu ya Schmidl na Cox (ya kukadiria tofauti ya masafa) bado kuna masalio, na masalio ya ε (sehemu ya nafasi ya sabkeria) yanavujisha (πε)²/3. Ili ubaki chini ya −30 dB unahitaji masalio chini ya Hz 260 hivi. Juu yake kuna kelele ya fezi. Nyuzi 2.8 za wastani zinakupa hiyo −26.2 kamili. Sehemu ya polepole pailoti zinaifuta, ya haraka haifutiki. Aende sabkeria za kHz 30, au aziunganishe SDR kwa rejea moja ya MHz 10.

#24 mwanamzizima
Rejea moja inaua tofauti ya masafa na ya saa ya sampuli. Kelele ya VCO (osileta) ya kila SDR inabaki palepale, kila moja na yake.

#25 Binti Antena
@Sabkeria Tupu dawa yako ina sumu. Kurudisha dirisha sampuli d kunazungusha fezi kati ya pailoti na pailoti kwa 2π·12·d/512. Kwa d = 12 ni nyuzi 101, na yeye anakadiria kwa mstari mnyoofu! Mstari unakatiza ndani ya duara, ukubwa unapungua katikati. Hata d = 5, nyuzi 42, inaleta kosa la −23.5 dB kwenye sabkeria ya katikati na wastani wa −26.2. Mnaiona hiyo namba? Alipo sasa huenda tayari yuko sampuli 5. Azungushe fezi kinyume kwanza, akadirie, kisha arudishe.

#26 Kinyozi wa Vilele
Kila mtu ana −26.2 yake 😂

#27 Njoro_KE
Kuna kipimo kinachowatenganisha. Chora EVM ya kila sabkeria peke yake. Ikipanda kingoni ni filta. Ikiwa tambarare ni kelele ya fezi. Ikiwa meno ya msumeno, safi karibu na pailoti na chafu katikati, ni ukadiriaji.

#28 FundiMasafa
Nimechora. Kingoni ni mbaya zaidi kwa dB 1.5, katikati pamelala tambarare.

#29 mwanamzizima
Filta. Nilisema.

#30 Kinyozi wa Vilele
dB 1.5 tu? Filta ingeleta dB 6 kingoni. Tambarare ile ndiyo fezi.

#31 Binti Antena
FundiMasafa, mchoro una nukta ngapi?

#32 FundiMasafa
25. Nimechukua wastani wa makundi ya sabkeria 12 usionekane na kelele.

#33 Binti Antena
Pailoti zako ziko kila 12. Umewastanisha meno yote ya msumeno. Chora nukta 300.